Sukari Waliyoiacha Barazani

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Walimu wanajua. Wakiniuliza swali wanasubiri kidogo, halafu wanamgeukia mwenzangu wa dawati. Nyumbani wanajua pia, ndiyo maana wageni wakija mama hanitumi kuwapokea, ananituma maji. Lakini siku walipokuja wale watu wawili na pikipiki, hapakuwa na mtu mwingine wa kutoka mlangoni.

Nianze na dada, maana bila yeye wasingekuja.

Simwiti dada kwa heshima tu. Babu yake na bibi yangu walikuwa tumbo moja, wamezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, wakavushwa wakiwa wadogo enzi za vita ya Mreno. Bibi akaolewa huku Ziwani. Kaka yake akabaki Mahurunga, mtoni upande huu, na mpunga wake. Miaka mingi baada ya Mreno kuondoka, mmoja wa watoto wa huyo babu akarudi kwao, akaoa, na huko ndiko dada alikozaliwa. Alisoma kwa Kireno, nyumbani akaongea Kimakonde, na Kiswahili akakiokota sokoni. Akawa mtangazaji wa redio ya mji wao mdogo.

Halafu na kizazi chake kikapata vita yake. Redio yao ilikuwa chumba kimoja na mnara, ikachomwa. Mwenzake aliyekuwa anafungua naye matangazo ya asubuhi hajulikani alipo mpaka leo. Dada alifika kwetu kupitia kivuko cha Kilambo, na mkoba wa begani na simu iliyopasuka kioo. Kwa miezi mingi hakusimulia. Alikuwa anakoboa, anafagia, anaokota korosho na sisi, na pikipiki ikipita barabarani anainua kichwa, anabaki hivyo mpaka mlio upotee.

Kitu kimoja tu alinisimulia mapema, tukiwa tunamenya muhogo. Alisema kabla ya siku ile mbaya kuna watu walikuwa wanafika pale redioni kwao. Watu wapole. Wanasalimia, wanaketi kwenye benchi la wageni, wanasema, sisi tunawasikiliza sana, vipindi vyenu tunavipenda. Alivyosimulia alikuwa hata hatazami kisu. Nikasema moyoni, Mungu atuepushe na watu wapole.

Kurudi kwake kwenye redio kulianza na ugonjwa wa mikorosho. Kuna mama mmoja mtangazaji wa redio ndogo ya mjini, mtu mzima, mnene, ana sauti ambayo ukiisikia unatengeneza kitambaa chako kichwani kabla hujaitikia. Alikuja Ziwani kuwahoji wakulima kuhusu kupuliza salfa. Akafika na kwetu. Alipokuwa anamhoji baba, dada akatoka uani na ndoo, akasimama, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mama, upepo unaingia kwenye maiki yako. Sogea huku ukutani."

Yule mama akamwangalia juu mpaka chini. "Wewe umejulia wapi mambo ya upepo?"

Hapo ndipo yalipotoka yote. Waliongea mpaka chai ikapoa. Yule mama alisema neno ambalo nililiandika usiku huohuo nisije nikalisahau: "Mimi nasoma habari za ng'ambo kila siku, na mto wenyewe sijawahi kuuvuka. Nasoma kama mtu anayesoma barua ya jirani."

Akaenda kumwambia meneja wake habari za dada. Tulivyosikia, meneja hakutaka. Alisema mtu wa ng'ambo anaweza kusaidia kutafsiri, akae nyuma, lakini hewani wasikilizaji watalalamika. Yule mama akamuuliza, wasikilizaji gani? Wa Mahurunga, wa Kilambo, wa vijiji vyote vya mtoni, nusu yao bibi zao wamezaliwa kulekule, au hao siyo wasikilizaji? Basi wakampa dada nusu saa, Jumamosi alasiri, robo kwa Kiswahili na robo kwa Kimakonde cha kwao. Kwa sharti moja, na sharti lilikuwa la dada mwenyewe: jina lake lisitajwe, wala mahali anapoishi. Hewani alijiita Mgeni wenu. Watu wakamzoea hivyo, Mgeni. Ziwani walimjua kwa sauti, lakini nje ya Ziwani na ndugu zetu hakuna aliyejua anakaa wapi.

Kulalamika walilalamika. Ujumbe wa simu ulikuwa unasomwa hewani, nao walikuwa hawauchagui. Mmoja akaandika kwamba Kiswahili chake kinakwaruza. Mwingine akacheka kwa sababu shamba alikuwa analiita machamba. Shuleni kwetu wavulana wa nyuma wakawa wananiita Machamba, nikipita wanaulizana bei ya mbegu. Kisha siku moja msikilizaji akatuma: "Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mbona nyie mnampa maiki?"

Tukamsikia yule mama anacheka ile ya tumboni. "Msikilizaji wetu, maiki ndiyo jembe lake. Mwache alime."

Baba alijipiga paja kwa kucheka. Jumatatu yake hata wavulana wa nyuma walikuwa wanasema mwache alime, wakanisahau kwa siku kadhaa.

Dada alikuwa na namna yake ya kuhoji ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Waliokimbia kule walio wengi hawataki kuulizwa waliona nini. Yeye hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Asubuhi ile mlikuwa mmepika nini?" Mtu anacheka kwanza. Anasema, aa, kisamvu, tulikuwa tumebandika kisamvu cha karanga, na ndiyo nilikuwa natuma mtoto maji, na mke wangu akasema moto mkubwa punguza. Ukishamsikia hapo, mengine yanakuja yenyewe, na wewe unayesikiliza unakuwa umeshakaa jikoni kwake. Mwisho wa kipindi alikuwa anasoma salamu za wanaotafutana: nani yuko hai, nani anamtafuta nani. Alihakikisha kila jina kwa watu tofauti kabla ya kulisoma. Kuna mama wa Mahurunga alimpata mtoto wake kwa njia hiyo. Alikuja kwetu, kaletwa na babu wa Mahurunga mwenyewe, akamshika dada miguu, dada naye akachuchumaa chini asishikwe miguu, wakabaki wote wawili chini, sisi tumesimama hatujui tufanye nini.

Kwa kuwa usafiri wa kwenda mjini ulikuwa wa shida, mara nyingi alirekodi nyumbani kwa simu, ndani ya banda la korosho. Magunia yanameza sauti, alisema, hata studio zingine hazina ukuta mzuri hivyo. Mimi nilikuwa mtu wake wa Kiswahili. Ananisomea, nikiinua kidole anasimama, ananipa ile karatasi narekebisha. Nilikuwa sijui kama ninajua Kiswahili mpaka alipoanza kuniuliza. Siku moja akaniambia, "Wewe unanyamaza vizuri. Kuna watu wananyamaza mtu anaona aibu, wewe ukinyamaza mtu anaendelea kuongea." Sikujua nijibu nini, nikanyamaza.

Yule babu wa Mahurunga, kaka yake bibi, akafariki mwanzoni mwa msimu wa korosho. Aliamka hajisikii vizuri, akaomba uji, uji ulipofika akawa ameondoka.

Kwetu msiba bila tangazo la redio ni kama haujatokea. Mjomba aliyeko mjini alikimbia redioni, na bibi akawa anamtajia kwa simu nani wa kutajwa. Nilikuwepo. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, analia na kutaja, analia na kutaja, na kila jina linakuja na mahali pake, maana ndivyo inavyotangazwa. Mtu hatajwi hewani hewani. Fulani wa Kilambo, fulani wa Tandahimba, fulani aliyeko Dar es Salaam. Asiyetajwa ananuna mpaka arobaini. Dada alikuwa kisimani. Mama alikuwa anafunga mizigo. Mimi nilisikia bibi anataja na sikufikiri kitu, kwa sababu ni majina niliyoyasikia maisha yangu yote.

Saa saba mchana redio ikawekwa dirishani. Majirani walikuwa wameshaanza kujaa uani. Aliyesoma alikuwa kijana wa zamu ambaye hakuwa anajua habari za sharti lolote. Akasoma jina la marehemu, mazishi kesho Mahurunga baada ya adhuhuri, habari ziwafikie. Akateremka na majina vizuri kabisa, kwa sauti ile ya msiba. Halafu akasema jina la dada. Lote, lake na la baba yake na la babu. Akamalizia, "mjukuu mkubwa wa marehemu, mtangazaji wa redio, aliyeko Ziwani kwa bibi yake."

Dada alikuwa ameshika sinia la mchele. Hakuliangusha. Aliliweka chini taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akaenda ndani, nikamsikia anafunga komeo.

Bibi hakuelewa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika kwamba hakuna aliyesahauliwa. Baba ndiye alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini. Bibi akamtazama. "Ningemwacha?" akasema. "Mjukuu mkubwa? Mtoto asipotajwa kwenye msiba wa babu yake, huyo mmemzika kabla ya marehemu."

"Mama, lakini mtangazaji wa redio, hilo ulilisema la nini?"

"Si ndiyo kazi yake? Babu yake alikuwa anajivuna naye. Nilisema ili amsikie."

Unamjibu nini mtu anayemlilia kaka yake?

Dada alitaka kwenda kuzika. Aliyemlea utotoni kila alipoletwa kusalimia ni yule babu. Baba akasema hapana, mazishi ni ya kila mtu, mtoni pale wanavuka watu hatuwajui, na wote wamesikia utakuwepo. Wakabishana mpaka gari la kukodi likapiga honi. Mwishowe dada akakubali kubaki, na mimi nikaachwa naye ili asiwe peke yake. Bibi alipopanda garini alimshika mkono dirishani na hakusema kitu, na bibi yangu siyo mtu wa kukosa neno.

Usiku ule sitausimulia, hatukulala na hapakutokea kitu.

Walikuja kesho yake, jua liko utosini, saa ambayo kila mtu anayetujua anajua tuko Mahurunga makaburini. Jirani zetu wote walikuwa wamekwenda. Nilikuwa uani namenya muhogo wa kuanika, dada anachambua korosho mlangoni mwa banda. Tukasikia pikipiki. Akainua kichwa kama kawaida yake, na mimi nikainua changu, na tukasubiri mlio upite.

Haukupita. Ulipunguzwa, ukakata kona, ukazimwa mbele ya nyumba.

Dada alishaingia bandani kabla sijageuka. Nikasikia magunia yanasogea, halafu sikusikia tena. Ajabu ni kwamba nilichofikiria wakati ule ni kwamba kweli lile banda linameza sauti.

"Hodi wenyewe."

Miguu ilinipeleka mbele, sijui kwa nini, ingeweza kunipeleka shambani. Nilitokea barazani na kisu cha muhogo mkononi. Walikuwa wawili. Mmoja mtu mzima, kofia ya kufuma, ndevu chache zenye mvi. Mwingine kijana, amevaa koti zito la pikipiki na joto lile, hakulifungua zipu.

"Assalaam aleykum," akasema mkubwa. "Poleni na msiba."

Kuitikia salamu hiyo ni wajibu, hata mtoto wa chekechea anajua. Nilifungua mdomo. Sauti haikuwepo. Siyo kwamba nilikataa, nisijisifie. Nilitafuta sauti nikakuta mahali pake pakavu.

"Wakubwa wameshakwenda kuzika?"

Nikawa nawatazama.

"Hapa si ndiyo kwa bibi yake yule mtangazaji? Yule Mgeni? Tumesikia tangazo jana."

Kijana akazunguka kidogo, akaangalia upande wa uani, kamba ya nguo, kanga ya dada ikiwa imeanikwa pale. Muhogo nilioumenya, ndoo, na kando ya mlango wa banda kigoda alichokuwa amekalia dada, na mbele yake ungo wa korosho nusu umechambuliwa nusu bado. Mimi niliuona ule ungo saa ileile alipouona yeye, au nadhani aliuona.

"Huyu bubu, kaka," akasema kijana.

"Siyo bubu, anaogopa." Mkubwa akainama kidogo. "Unaogopa nini, mwanangu? Tunafanana na fisi?"

Kijana akacheka. "Wewe unafanana."

Kiswahili chao kilikuwa cha kwetu, lakini mara moja moja neno linainuka mwishoni kama la dada. Au nilisikia hivyo kwa woga. Nimelirudia kichwani mara nyingi mpaka sasa sijui nilichosikia na nilichoongeza.

Mkubwa akaenda kwenye pikipiki, akafungua begi. Nilikishika kile kisu cha muhogo, nacho ni butu, mama huwa anakilalamikia. Akatoa mfuko wa sukari. Akaja nao mikono miwili, akauweka barazani karibu na miguu yangu.

"Rambirambi yetu hiyo. Akirudi mwambie tunamsikilizaga. Kila Jumamosi, hatukosi."

Wakapanda. Kijana alipiga teke pikipiki, ikakataa, ikawaka. Wakaondoka kwa barabara ya mjini, siyo ile ya Mahurunga kwenye msiba.

Nilikaa chini palepale karibu na sukari. Nilikuwa nimejikojolea kidogo, naandika kwa sababu ni kweli.

Nilipofungua banda, dada alitoka kati ya magunia, vumbi usoni. Hakuniuliza ni akina nani. Aliniuliza, "Wamesema neno gani hasa? Lirudie kama lilivyo."

Nikalirudia. Sauti ilikuwa imerudi, nyembamba.

"Tunamsikiliza, au tunamsikilizaga?"

"Tunamsikilizaga. Kila Jumamosi, hatukosi."

"Alicheka aliposema?"

"Kijana alicheka."

"Kabla ya neno hilo au baada?"

Nikajaribu kukumbuka nikaanza kulia. Akanifuta uso kwa upande wa kanga yake, akanipaka vumbi la korosho zaidi. "Hukusema kitu?"

"Sikusema hata salamu."

"Umefanya vizuri," akasema. Lakini alilirudia mara mbili tatu, na nikajua hanipongezi, anajituliza.

Waliporudi kutoka Mahurunga, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ni wasikilizaji tu, watu wema, mtu mbaya haleti sukari. Mama akasema mtu mwema aliyesikia tangazo si angekwenda Mahurunga kuzika? Kwa nini aje nyumba anayojua haina watu? Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa, akasikiliza, akapeleka taarifa kwa wakubwa wake, akauliza vijana wa bodaboda. Hakuna aliyewajua. Waliokuwa mazishini walisema watu wa namna hiyo hawakuwaona, au labda waliwaona, msibani kila mtu ana kofia.

Dada alisema mara moja tu. "Kule pia walisema wanatusikiliza." Kisha akaendelea kuchambua ule ungo alioubakiza.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na masikio tu. Mbwa wa jirani akibweka tunanyamaza wote. Mama akaanza kufunga mlango wa uani mchana. Mimi nilienda shule na kurudi mbio, nikifika nahesabu pea za kandambili mlangoni, nione kama za dada zipo. Bibi hakula vizuri. Alikaa upande wake akimwangalia dada anapita, na nikaona anataka kumwomba radhi na hajui mtu mzima anaanzaje.

Baba ndiye alikuja na shauri. Kwetu baada ya mazishi kuna tangazo la pili, la shukrani, familia inawashukuru waliofika na walioshindwa kufika. "Tuweke humohumo," baba akasema. "Tuseme mjukuu mkubwa amekwenda Dodoma. Au Mwanza, mbali. Wanaomtaka wamtafute Mwanza."

Nilidhani ni shauri zuri sana. Mpaka leo nadhani halikuwa baya.

"Baba mdogo," dada akasema, "mama wa Mahurunga aliamini mtoto wake yuko hai kwa sababu mimi nilisema yuko hai. Nikisema niko Mwanza na niko hapa, kesho nani ataniamini juu ya mtoto wake?"

"Siyo wewe utakayesema. Ni familia."

"Ni redio ileile."

Bibi akakohoa. "Na mimi siwezi kusema uongo juu ya maiti ya kaka yangu. Hayo nimeyafanya kwa ujinga, sitayatengeneza kwa dhambi." Ndiyo mara ya kwanza alilisema hilo neno, ujinga. Alilisema akiwa anaangalia mkeka.

Baba akapandisha sauti, jambo ambalo halifanyi mbele ya mama yake. "Basi mnataka tufanye nini? Tukae tunasubiri pikipiki?"

Dada akatazama banda, akanitazama mimi, halafu bibi. "Basi niondoke kweli," akasema. "Bibi asiseme uongo."

Akampigia simu yule mama mtangazaji. Alikuja mwenyewe kesho yake asubuhi na gari la shemeji yake, amevaa dera, hana haraka. Alituambia bila kuficha kwamba meneja ameogopa, anataka kipindi kipumzishwe kidogo. "Nikamuuliza, kidogo hiyo ni mpaka lini? Mpaka wao watusahau, au mpaka sisi tuwasahau waliokimbia?" Akaguna. "Hajanijibu. Nitamuuliza tena, mimi sichoki." Kuhusu mahali pa kukaa alisema tu, "Atakaa na binti yangu chumba kimoja. Mtaa sitawatajia, na nyinyi msiniulize. Bibi, hasa wewe."

Bibi akacheka. Alicheka na kulia, sote tukacheka, na ndiyo ilikuwa radhi yenyewe, maana dada alimkumbatia wakati huo akamwambia maneno ya Kimakonde ambayo siyaandiki, ni yao.

Mimi aliniachia kigoda chake. Nilikuwa nataka kumwambia abaki. Nikanyamaza, na yeye kwa kuwa ananijua alijibu hivyohivyo, "Nitakutumia maandishi kwa simu. Ukiona kosa, inua kidole."

Tangazo la shukrani lilisomwa siku hiyo hiyo mchana, na yule mama mwenyewe, alihakikisha. Alitaja wote na mahali pao. Mwisho akasema, "na mjukuu wake mkubwa, ambaye ameshasafiri." Akapiga kasida.

"Ameshasafiri," bibi akasema. "Ni kweli kabisa."

Ikabaki sukari. Mama alitaka itupwe chooni. Baba alisema ifukiwe mbali na kisima. Bibi akakataa, rambirambi haitupwi, aliyeleta kwa nia mbaya na alaaniwe yeye, lakini kama alileta kwa nia njema, sisi ndio tutaulizwa. Ikawekwa juu ya kabati, hakuna aliyeigusa. Mfuko ulikuwa na kitobo kidogo na sisimizi wakaugundua. Kila nikirudi kutoka shule nilikuwa napanda kwenye kiti kuwaangalia kama watakufa. Hawakufa. Walikuwa wanapanda na kushuka ukutani kwa mstari, kila mmoja na punje yake. Nikajiambia labda sumu ya wale watu inachukua muda.

Jumamosi ya kwanza, saa ya kipindi ilipofika, ulipigwa muziki. Nusu saa nzima, taarabu juu ya taarabu, na hakuna aliyeeleza kitu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri gari kituoni na magari yote yanapita yamejaa. Nilikwenda bandani nikakaa kati ya magunia. Nilikuwa na hofu mpya ambayo sikuwa nimeitegemea, kwamba hawa watu, hata kama walikuwa wasikilizaji tu, wameshafaulu kitu. Na kwamba sisi ndio tuliowafanyia kazi ya kumnyamazisha dada.

Jumamosi iliyofuata bibi aliniambia niwashe moto mapema. Nikadhani ni chai ya kawaida. Alipanda mwenyewe kwenye kiti, na magoti yale, akashusha ule mfuko, akapuliza sisimizi, akachota vijiko vyake vitatu akatia kikombeni. Mama alikuwa shambani. Nikasema, "Bibi."

"Nimekula umri wangu," akasema. "Kama ni sumu, tutajua. Kama si sumu, tutajua pia. Mimi nimechoka kutojua." Akanywa. Akakunja uso nikaruka. "Imezidi maji ya moto," akasema, akapuliza.

Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, namwangalia usoni, na redio iko dirishani. Muziki wa saa tisa ukaisha. Nikasubiri taarabu. Ikaja sauti ya yule mama, inasema karibuni, na leo tupo wawili, mgeni wetu amerudi jembeni. Halafu nikasikia mtu anavuta pumzi. Halafu dada.

Hakusema habari zake. Alikuwa na mzee mmoja wa ng'ambo, tulimsikia anasafisha koo, na dada akamuuliza, "Asubuhi ile, mzee wangu, mlikuwa mmepika nini?"

Yule mzee akacheka kidogo. "Uji," akasema. "Uji wa mtama. Tena uliungua."

Wakati anaeleza ulivyoungua, nikasikia pikipiki upande wa barabara. Bibi naye alisikia, kikombe kilisimama karibu na mdomo. Mkono wake mwingine ukaenda kwenye redio, ukashika kile kitufe, nikadhani anaizima. Akaipandisha sauti. Ikawa kubwa mpaka dirisha likaunguruma, dada yuko uani kote, mzee wake na uji wake, anayepita na asikie.

Mlio ulikaribia kona yetu. Tukasikiliza hivyohivyo, bibi ameshika kikombe, mimi nimeshika mlango.